Kulipa Mkopo wa Nyumba Kabla ya Muda Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mikopo ya nyumba inayotolewa na benki na Sacco nchini Kenya, ambapo hatimiliki ya mkopaji imewekwa rehani. Hesabu zote zimefanywa kwa mkopo mmoja wa mfano: shilingi milioni 4, riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, muda wa miaka 15. Malipo yake ya kila mwezi ni 53,270. Ukibadilisha viwango, tarakimu zitabadilika ila mwenendo utabaki huohuo.

Je, kulipa mapema ni haki yangu au ni hisani ya benki?

Ni haki yako. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mkopaji haki ya kulipa deni lote na kuondolewa rehani wakati wowote, mradi nyumba haijauzwa na mkopeshaji. Sharti lolote katika mkataba linalokunyima haki hiyo au kuibana halina nguvu.

Sheria hiyohiyo inairuhusu benki kuweka sharti kwamba anayetaka kumaliza kabla ya muda atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila sababu. Kwa mkopo wetu wa mfano, anayemaliza baada ya miaka 5 anadaiwa takriban 3,431,000, na riba ya mwezi mmoja kwenye salio hilo ni kama 40,000. Barua ya ukurasa mmoja iliyopelekwa siku 30 mapema inakuepusha na gharama hiyo. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uitume pia kwa baruapepe.

Ukikuta barua ya ofa inataja adhabu ya asilimia kadhaa ya salio lote, usiilipe kabla hujauliza kwa maandishi inapatanaje na kifungu cha 85. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Nimelipa miaka 5 bila kukosa hata mwezi mmoja. Mbona salio halijashuka?

Kwa sababu miaka ya mwanzo unalipa riba kuliko deni lenyewe. Katika mwezi wa kwanza wa mkopo wetu, riba ni 46,667. Ukilipa 53,270, kinachopunguza msingi, yaani deni lenyewe bila riba, ni 6,603 tu. Mwezi unaofuata riba inahesabiwa kwenye salio dogo kidogo, msingi unapata zaidi kidogo, na mambo yanaenda hivyo polepole.

Baada ya miezi 60 umeshatoa karibu 3,196,000, na msingi umeshuka kwa 569,000 hivi. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo riba ya salio linalopungua inavyofanya kazi muda unapokuwa mrefu na kiwango kikiwa cha juu. Ukilipa hadi mwisho bila kuongeza chochote, utakuwa umetoa karibu milioni 9.59, ambazo milioni 5.59 ni riba. Faida ya kulipa mapema inatokana na hapo: kila shilingi unayoiingiza kwenye msingi leo haitatozwa riba tena hadi mwisho wa mkopo.

Nikiongeza kiasi kidogo kila mwezi, inasaidia kweli?

Inasaidia sana. Ongeza 5,000 kila mwezi tangu mwanzo na mkopo wa miezi 180 unaisha kwenye mwezi wa 140, ambao malipo yake hayafiki hata 8,000. Riba inayookolewa ni takriban 1,481,000.

Weka agizo la kudumu benki, litoke siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Usilifanye jambo la kuamua upya kila mwezi. Januari kuna karo, Desemba kuna safari ya nyumbani, na anayengoja kuona kitakachobaki mara nyingi haoni kitu.

Nimepata 500,000 kwa mkupuo. Nipunguze muda au nipunguze malipo ya kila mwezi?

Benki itakuuliza swali hili, au mbaya zaidi, haitakuuliza na itakuchagulia. Tuseme umelipa miaka 2 na salio ni 3,818,000. Unaingiza 500,000, linabaki 3,318,000.

Ukiendelea kulipa 53,270 kila mwezi, mkopo unaisha kwa miezi 112 badala ya 156 iliyokuwa imebaki. Umekata miezi 44, na umeokoa riba ya takriban 1,850,000.

Ukiomba malipo yapungue huku muda ukibaki uleule, utalipa kama 46,294 kwa mwezi. Unapata nafuu ya karibu 7,000 kila mwezi, lakini riba unayookoa ni kama 588,000 tu.

Pesa ni zilezile, na tofauti ni zaidi ya milioni 1.2. Kwa mtu mwenye kipato cha uhakika, jibu ni kupunguza muda. Kupunguza malipo ya mwezi kunamfaa ambaye kipato chake kimeyumba, au anayeona miezi migumu ikija. Huyo asione haya kuchagua hivyo, maana kukosa malipo ya mwezi kunaumiza kuliko riba.

Wakati nao una uzito. Hizo 500,000 zikiingizwa mwishoni mwa mwaka wa 10, kwa kupunguza muda, zinaokoa takriban 412,000. Bado ni faida, ila si kama ya mwaka wa 2.

Nitumeje pesa za ziada ili zipunguze msingi na si kukaa tu?

Hili ndilo jambo linaloharibika mara nyingi kuliko mengine yote. Mtu anaweka 200,000 kwenye akaunti ambayo benki hukatia mkopo, anaamini amepunguza deni. Mfumo wa benki unaziona kama pesa za kawaida, unakata 53,270 tarehe ikifika, na zinazobaki zinalala pale bila riba huku mkopo ukiendelea kutozwa riba kamili. Au zinaandikwa kuwa malipo ya miezi mitatu ijayo yaliyotangulizwa. Msingi hauguswi.

Kwa hiyo barua iende kabla au pamoja na pesa. Iandike hivi: namba ya akaunti ya mkopo (si ile ya kukatia), kiasi, tarehe ya kutuma, na maneno yasiyoacha shaka: “Kiasi hiki kipunguze msingi wa mkopo. Malipo ya kila mwezi yabaki kama yalivyo, muda upungue. Naomba ratiba mpya ya malipo.” Iende kwa ofisa anayeshughulikia mkopo wako, nakala kwa tawi.

Kabla ya hapo soma barua ya ofa uone mambo matatu: kiwango cha chini cha malipo ya ziada kinachokubalika, kama kuna ada kila unapolipa ziada, na kama yanapokelewa siku yoyote au siku ya malipo tu. Ikiwa kuna ada kwa kila tukio, ni nafuu kukusanya miezi sita na kulipa mara moja kuliko kulipa vipande vidogo.

Njia ya kutuma inategemea kiasi. Hundi na EFT (uhamisho wa kawaida kati ya benki) havipiti shilingi milioni 1. PesaLink, ya kutuma papo hapo kati ya benki, nayo ina mpaka wa 999,999. M-Pesa inaruhusu 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Zaidi ya milioni 1 tumia RTGS, uhamisho wa kibenki wa kiasi kikubwa, itumwe asubuhi siku ya kazi ili iingie siku hiyohiyo. Katika sehemu ya maelezo andika namba ya mkopo. Jina lako peke yake halitoshi, maana benki ina majina yanayofanana kwa mamia.

Nitajuaje kama zimeingia kwenye msingi?

Baada ya wiki moja omba taarifa ya akaunti ya mkopo. Angalia salio la kabla na la baada ya siku uliyolipa: tofauti iwe kiasi ulichotuma, ukiondoa riba iliyokuwa imelimbikizwa tangu malipo ya mwisho.

Kisha fanya hesabu ndogo. Zidisha salio kwa asilimia 14, gawanya kwa 365, utapata riba ya siku. Kwa salio la 3,431,000 ni 1,316. Zidisha kwa idadi ya siku za mwezi huo na ulinganishe na riba waliyokutoza. Ikiwa riba ya mwezi unaofuata haijashuka, pesa zako hazijafika zinapotakiwa, hata kama risiti unayo. Kosa likionekana mapema, dai lirekebishwe kuanzia tarehe uliyolipa, siyo kuanzia tarehe uliyolalamika.

Kiwango cha riba kimeshuka. Nifanye nini?

Kama mkopo wako una riba inayobadilika, iombe benki isishushe malipo yako ya mwezi. Hiyo ndiyo njia isiyouma ya kulipa mapema, kwa kuwa bajeti yako imeshazoea kiasi hicho. Benki Kuu ya Kenya ilifikisha kiwango chake cha msingi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kukipunguza Agosti mwaka huohuo. Waliobaki na malipo ya zamani baada ya riba kushuka wanakata muda bila kutoa hata senti mpya. Tangu Septemba 2025 mikopo mipya yenye riba inayobadilika inafungamanishwa na kiwango cha soko kati ya benki na benki, kiitwacho KESONIA, pamoja na nyongeza ya benki yenyewe. Waulize nyongeza yako ni kiasi gani, kwa sababu KESONIA ni ileile kwa wote na nyongeza ndiyo sehemu unayoweza kuijadili.

Mwenye mkopo wa riba isiyobadilika, kama ile ya chini ya asilimia 10 inayotolewa na benki na Sacco kwa fedha za Kenya Mortgage Refinance Company, hana haraka kama mwenye asilimia 14.

Nikimaliza mkopo nitapoteza nafuu ya kodi. Je, nisilipe?

Nafuu ipo, na tangu mwisho wa Desemba 2024 imepandishwa: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi inaweza kutolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi hadi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 300,000 kwa mwaka. Kwa anayetozwa asilimia 30, nafuu kamili ni 9,000 kwa mwezi.

Tazama kiwango hicho cha juu vizuri. Kwa riba ya asilimia 14, riba ya mwezi inafika 30,000 salio likiwa takriban 2,571,000. Salio lako likiwa juu ya hapo, riba inayozidi 30,000 haikupi nafuu yoyote, kwa hiyo kulipa ziada hakukupotezei kitu. Chini ya hapo kila shilingi ya riba inakurudishia senti 30 za kodi, na mkopo wa asilimia 14 unakuwa kama wa asilimia 9.8. Bado ni gharama. Kutoa shilingi 100 za riba ili upate 30 za kodi si sababu ya kubaki na deni, ila ni sababu ya kupunguza mwendo ikiwa pesa hizo zina kazi bora kwingine.

Nafuu haiji yenyewe. Mpe mwajiri cheti cha riba kutoka benki ili aiingize kwenye PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), au uijaze mwenyewe kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, unapowasilisha ritani. Ukimaliza mkopo katikati ya mwaka, mwarifu mwajiri asiendelee kukukatia kidogo, la sivyo Mamlaka ya Mapato (KRA) itakudai tofauti.

Si bora ninunue hati fungani za serikali?

Inategemea riba mbili ukizilinganisha baada ya kodi. Riba ya hati fungani za kawaida inakatwa kodi ya asilimia 15, au 10 zikiwa za miaka 10 na zaidi; za miundombinu zimekuwa hazikatwi. Hati ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya asilimia 18. Aliyekuwa na mkopo wa asilimia 14 mwezi ule alikuwa na sababu nzuri ya kununua. Hati inayotoa asilimia 13 ikikatwa 15 ya kodi inabaki na 11.05, nayo haishindi mkopo wa 14 wenye salio kubwa.

Jambo moja watu hulisahau: faida ya kulipa mkopo haina hatari yoyote, ilhali hati ukihitaji kuiuza kabla haijaiva unaweza kupata chini ya ulichotoa. Kwa upande mwingine, pesa ulizoingiza kwenye mkopo huzitoi tena. Benki haitakurudishia 500,000 kwa sababu mtoto amelazwa.

Nianze na nini kabla ya kulipa ziada?

Kwanza maliza mikopo ya simu na kadi, ambayo gharama yake kwa mwaka ni kubwa kuliko mkopo wowote wa nyumba. Pili, weka akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, malipo ya nyumba yakiwemo. Tatu, lipa malimbikizo yoyote ya mkopo wenyewe, kwa kuwa ziada unayoituma huchukuliwa kwanza na adhabu na riba iliyochelewa.

Nichukue mkopo wa Sacco nimalize wa benki?

Kwenye karatasi inavutia: Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Ichukulie hivi: mwishoni mwa mwaka wa 10 unadaiwa na benki 2,289,000, imebaki miezi 60. Ukizihamishia Sacco kwa miezi 60 utalipa kama 50,926 kwa mwezi. Umeokoa 2,344 kila mwezi, karibu 140,600 kwa jumla.

Sasa weka kodi. Katika miezi hiyo 60 ungelipa benki riba ya takriban 907,000, yote ikiwa chini ya kiwango cha 30,000 kwa mwezi, na kwa anayetozwa asilimia 30 nafuu yake ni kama 272,000. Mkopo wa kawaida wa Sacco uliochukuliwa kulipa deni jingine si wa kununua wala kujenga nyumba, kwa hiyo nafuu hiyo usiitegemee. Umeokoa 140,600, umepoteza 272,000. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo, bima, na wadhamini ambao hisa zao zimefungwa kwa ajili yako. Kwa mtu huyu haifai.

Inaweza kufaa ikiwa mkopo wa Sacco ni mfupi kuliko muda uliobaki benki na unaweza kuubeba, au unauza nyumba na unahitaji hatimiliki mkononi.

Na kuhamishia mkopo benki nyingine?

Piga hesabu ya gharama zote kabla ya kusikia kiwango kipya: tathmini mpya ya nyumba, wakili wa kuondoa rehani ya zamani na wakili wa kuandika mpya, ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya kiasi kinachowekewa rehani (kwa milioni 3 ni 3,000), ada ya ofa, na bima mpya. Tofauti ya asilimia 1 kwenye salio la milioni 3 ni kama 30,000 mwaka wa kwanza. Kabla hujahama, ipeleke ofa ya benki mpya kwa benki yako ya sasa. Mara nyingi kiwango hushuka bila kuhama.

Mkopo wangu ni wa mfanyakazi, riba ni ndogo.

Usiukimbilie. Weka ziada yako mahali panapozaa zaidi, ila hakikisha unaweza kuichukua haraka, maana ukiacha kazi mkopo kwa kawaida hugeuzwa kuwa wa riba ya soko. Hapo ndipo uingize mkupuo.

Nyumba yangu ni kwa benki ya Kiislamu. Mambo ni yaleyale?

Hapana. Mikataba ya kawaida ya nyumba ya benki hizo ni ya aina mbili, na kila mmoja una taratibu zake. Katika murabaha, benki ilinunua nyumba ikakuuzia kwa bei iliyokwisha kupangwa pamoja na faida yake. Deni ni bei hiyo yote. Ukimaliza mapema, benki inaweza kukupunguzia sehemu ya faida ambayo muda wake haujafika, lakini ni kwa hiari yake, wala huwa haiwekwi kama ahadi ndani ya mkataba. Omba kwa barua kabla ya kulipa na ujibiwe kwa maandishi kiasi utakachopunguziwa. Ukishalipa ndipo uombe, umepoteza nguvu ya kujadiliana.

Katika musharaka inayopungua, wewe na benki mna hisa za nyumba, nawe unalipa kodi ya pango kwa sehemu ya benki huku ukinunua hisa zake kidogokidogo. Hapa kulipa mapema ni kununua hisa zilizobaki, na pango linakoma. Soma mkataba uone hisa zinauzwa kwa bei ya awali au kwa tathmini mpya. Nyumba ikiwa imepanda thamani tofauti itakuwa kubwa.

Nipo ng'ambo na natuma pesa kutoka Doha au Minneapolis. Kuna la ziada?

Ubadilishaji wa fedha unaweza kukuokolea kuliko riba. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Shilingi 500,000 zilihitaji dola 3,125 mwanzoni mwa mwaka, na dola 3,846 miezi michache baadaye. Huwezi kuubashiri mwendo wa shilingi, ila ukiwa na mkupuo tayari na shilingi ikawa dhaifu, hiyo ni fursa ya kulipa.

Weka hati za chanzo cha pesa (hati za mshahara, taarifa ya benki) kwa sababu benki itaziomba mkupuo ukiwa mkubwa. Na uandae mapema hati ya uwakilishi wa kisheria kwa ndugu au wakili atakayepokea hatimiliki. Isainiwe mbele ya ubalozi au mthibitishaji, na itaje waziwazi kupokea hati na kushughulikia kuondolewa kwa rehani. Hati inayosema tu “ashughulikie mambo yangu” hukataliwa.

Nataka kumaliza kabisa. Nifuate hatua gani?

Toa notisi ya mwezi mmoja. Omba barua ya salio la kumalizia, itakayoonyesha msingi, riba hadi tarehe fulani, riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo, ada zote, na muda wa uhalali wake. Uliza kwa maandishi kama rehani hiyo inalinda deni jingine lolote: kadi, ovadrafti, mkopo wa biashara, au mkopo wa mtu uliyemdhamini. Sheria inasema rehani huondolewa zikilipwa pesa zote zinazolindwa nayo. Wapo waliomaliza nyumba wakakuta hatimiliki imeshikiliwa na ovadrafti ya duka.

Tuma kiasi kamili pamoja na riba ya siku tatu au nne za ziada, ambayo kwa salio letu ni kama 5,000. Inayozidi watakurudishia. Ikipungua hata shilingi elfu chache, akaunti haifungwi: kibaki hicho kinatozwa riba, kinachelewa, na baada ya miezi michache jina lako linaonekana kwa mashirika ya taarifa za mikopo. Futa agizo la kudumu ukishapata uthibitisho kwamba akaunti imefungwa, siyo kabla.

Nimepewa barua ya kumaliza mkopo. Nyumba ni yangu sasa?

Bado kuna kazi. Barua ya benki inathibitisha kwamba hudaiwi. Daftari la ardhi halijui habari hiyo hadi hati ya kuondoa rehani isajiliwe. Daftari lina sehemu tatu: A inaeleza ardhi yenyewe, B inamtaja mwenye mali, C inaorodhesha mizigo iliyo juu ya ardhi. Jina la benki liko sehemu ya C, na litabaki pale miaka 20 mtu asipoliondoa.

Benki husaini hati ya kuondoa rehani, kwa kawaida kupitia wakili wake, na gharama huwa yako kulingana na mkataba. Uliza kiasi mapema. Hati hiyo pamoja na hatimiliki halisi hupelekwa kwenye msajili. Kwa ardhi ambayo kumbukumbu zake zimeingizwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, kama Nairobi, maombi hufanywa humo, na wewe na benki lazima muwe na akaunti zilizothibitishwa. Fungua yako mapema, na jina lililo kwenye kitambulisho lilingane na la hatimiliki. Jina la ndoa lililobadilika limekwamisha wengi.

Kikwazo kingine ni namba za ardhi. Tangu mwisho wa 2020 viwanja vingi vyenye namba za mfumo wa zamani, hasa Nairobi, vimekuwa vikihamishiwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 na kupewa namba mpya. Hatimiliki iliyokaa miaka 12 kwenye kabati la benki inaweza kuwa ya namba isiyotumika tena, ikahitaji kurudishwa ili itolewe mpya. Mwulize wakili hili kabla hati haijawasilishwa.

Usajili ukikamilika, fanya utafutaji rasmi kwenye daftari la ardhi kwa jina lako mwenyewe. Sehemu ya C ionyeshe kwamba rehani imeondolewa. Hapo ndipo uweke hatimiliki mahali salama na nakala yake mahali pengine.

Bima nazo?

Bima ya maisha ya mkopo husimama deni linapoisha. Kama ulilipa kwa mkupuo wa miaka yote, omba urudishiwe sehemu ya muda ambao haujatumika. Bima ya moto usiifute: badilisha tu jina la mnufaika, maana benki ndiyo iliyoandikwa kulipwa kwanza nyumba ikiungua.

Rekodi yangu ya mikopo itasasishwa lini?

Benki ndiyo inayopeleka taarifa kwa mashirika ya taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Subiri mwezi mmoja hadi miwili, kisha uombe ripoti yako. Una haki ya moja bila malipo kila mwaka. Mkopo uonekane umefungwa na salio ni sifuri. Ukiwa bado wazi, lalamika kwa benki na kwa shirika husika kwa pamoja.

Nyumba yangu ni ya mpango wa kulipa huku nikiishi, kama wa Boma Yangu, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu.

Hapo huna rehani ya kuondoa. Umiliki hubaki kwa mwenye mradi hadi umalize, kwa hiyo ukilipa mapema unachodai mwishoni ni kuhamishiwa umiliki. Angalia mkataba kuhusu masharti ya kuuza baadaye.

Mzee alimaliza mkopo zamani, rehani haikuondolewa, na benki ile haipo tena.

Tafuta aliyerithi deni. Benki iliyoungana na nyingine huacha haki na wajibu wake kwa mrithi: Savings & Loan iliingizwa ndani ya KCB mwaka 2010, na Commercial Bank of Africa ikaungana na NIC mwaka 2019 kuwa NCBA. Benki mrithi ndiyo itakayosaini hati ya kuondoa rehani, ikiambatanishwa na ushahidi wa kuungana. Benki iliyofungwa na kuwekwa chini ya mfilisi, nenda Shirika la Bima ya Amana la Kenya.

Chukua risiti za mwisho, barua ya kumaliza mkopo kama ipo, na matokeo ya utafutaji rasmi ya hivi karibuni. Bila risiti, waombe watafute kumbukumbu kwa namba ya rehani iliyoandikwa sehemu ya C. Mzee akiwa ameshafariki, anza na mirathi: benki haitamkabidhi hatimiliki mtu asiye na hati ya usimamizi wa mali ya marehemu, hata akiwa mtoto wa kwanza.